Uso wa Jukwaani

Mwaka nchi ilipopata uhuru, Mbodze binti Mwero alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mkavu wa maneno, na katika Mkongani nzima hapakuwa na aliyejua sengenya, ile ngoma ya mabega, kumshinda. Kucheza alikuwa ameacha, goti lilimkatalia. Kazi yake sasa ilikuwa kufundisha. Mumewe, Chome, ndiye aliyekuwa mpiga ngoma. Alizifunga ngoma zake safu moja kwenye mti mrefu uliolazwa, akazipiga zote peke yake, huku mwenzake akigonga upatsu, ile sahani ya shaba, kando yake. Mbodze alisimama mbele ya wasichana na kijiti cha mkwaju mkononi. Hakumpiga mtu nacho hata siku moja, lakini hakuna aliyependa kukiona kikielekezwa kwake.

Mungu hakumjaalia mtoto. Mdogo wake, Khamisa, aliyeolewa kisiwani Funzi, alijaaliwa wengi, na mmoja wao, Asiya, alipoachishwa ziwa alimleta Mkongani mwenyewe, kambeba mgongoni, akamweka mapajani mwa dada yake.

"Huyu ni wako, dada," alisema. "Mimi kazi yangu ilikuwa kumzaa tu."

Basi Asiya akalelewa kwa Mbodze, akamwita Mbodze mama, na Khamisa mama wa Funzi. Alikuwa mtoto mwembamba, mcheshi, mwenye shingo ndefu kama ya mlezi wake. Alipokuwa na umri wa kuchunga mbuzi aliugua koo, kisha magoti yakamvimba, leo hili, kesho lile, akalala kitandani masika yote. Wakamkanda kwa mafuta ya nazi na majani, wakamwombea dua, akainuka. Watu wakasahau. Alipovunja ungo alikuwa akicheza sengenya mpaka wazee waliotoka mbali walikuwa wakiuliza, yule ni binti wa nani?

Mwaka uliofuata ule wa uhuru, serikali ikatangaza kwamba nchi itakuwa jamhuri, na Kwale kutakuwa na sherehe. Ndipo akaja Mkongani Bwana Kilonzo, afisa wa maendeleo ya jamii, kijana Mkamba aliyekuwa amehamishiwa huku miezi michache nyuma. Alipiga hodi kwa adabu, akaamkia kila aliyestahili shikamoo, akakaa kitini akatazama ngoma tangu mwanzo hadi mwisho. Ilipokwisha alipiga makofi, kisha akajikuna shingo.

"Ngoma ni mzuri sana, Mama. Lakini mnapatia wageni mgongo."

"Wageni wepi?" Mbodze aliuliza.

"Siku hiyo kutajengwa jukwaa ya mbao. Wakubwa watakaa upande moja. Sasa nyinyi mnazunguka, mnazunguka. Yule mkubwa ataona nini? Mgongo tu."

Mbodze alimwambia kwamba sengenya haina mbele wala nyuma, kwamba watu huizunguka ngoma na kila mtu ataona zamu yake ikifika. Kilonzo hakubisha. Alisema tu kwamba vikundi vingine vimekwisha kuomba nafasi hiyo, na kwamba yeye angependa iwe ya Mkongani, maana ameona. Akaaga akaenda zake.

Mbodze alikasirika siku nzima. Lakini hasira ilipotulia alibaki na swali, na swali lile likamng'ang'ania akilima, akitwanga, akichota maji: je, mtu aliyeketi mahali pamoja, asiyeweza kuinuka akazunguka, utampaje ngoma yote? Kabla ya juma kwisha alikuwa amekwisha kujibu. Akamwambia Chome, "Tutaikunjua. Duara tutaikunjua kama mkeka."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Alichora mstari wa majivu uwanjani, akawaambia wasichana kwamba ule ni ukingo wa jukwaa, na anayeuvuka ameanguka. Akawafundisha kuingia mmoja mmoja kutoka ubavuni, kujipanga kama meno ya kitana, wafupi mbele, warefu nyuma, na kubadilishana bila kugongana. Akawafundisha kugeuka kwa bega, si kwa mgongo. Kisha akakumbuka mbao. Miguu yao ilizoea mchanga, na mchanga humeza kishindo, mbao hurudisha. Akaenda nyumba kwa nyumba akiazima milango. Watu walicheka, lakini waliing'oa wakampa, na kwa wiki kadhaa nyumba nyingi za Mkongani zilifungwa kwa majamvi huku milango yao ikiwa imelazwa uwanjani, ikilia chini ya njuga za wasichana.

Jambo alilolisisitiza kuliko yote lilikuwa uso.

"Aliyekuja kukutazama hakuja kuona pumzi zako," aliwaambia. "Vuta pumzi kwa pua. Mdomo ucheke. Mguu ukiuma, usiiname kuutazama. Peleka maumivu begani, bega liyacheze. Mkono usiende kifuani. Mkono usiende kiunoni. Ukichoka, sitaki kujua mimi, seuze mkuu wa wilaya."

Wengine walishindwa. Walihema kama mbuzi wa kafara, jasho likawakunja nyuso. Asiya hakushindwa. Kila somo la uso alilishika upesi kuliko somo la miguu, mpaka Mbodze akamweka mbele peke yake na kuwaambia wenzake, "Mtazameni huyu. Nani kati yenu anaweza kuniambia kama amechoka?"

Hakuna aliyeweza.

Chome ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Jioni moja, akikaza ngozi za ngoma zake, alisema bila kuinua macho, "Yule mtoto apumzishwe."

"Ana nini?"

"Sijui ana nini. Nampigia ngoma miaka yote hii, najua kishindo chake. Mguu unachelewa. Si sana. Kidogo."

Mbodze akaanza kumwangalia. Aliona kwamba Asiya, akirudi kisimani, huutua mtungi njiani mara mbili, mahali ambapo zamani hakuutua kabisa. Aliona kamba ya njuga ikimwachia alama nzito kifundoni, shimo ambalo halikujaa upesi. Alimkuta analala ameketi, mgongo ukutani, leso mbili zikiwa zimekunjwa nyuma ya kichwa. Akaogopa, lakini alikiogopa kitu kingine. Akafunga mlango wa chumba akamuuliza, kama mama anavyomuuliza binti, kama ana mimba.

Asiya alimtazama, machozi yakamjaa. "Mama! Wallahi sina. Nani kakwambia?"

"Basi una nini?"

"Sina kitu. Sijambo."

Naye alisema huku akicheka kile kicheko kizuri, mdomo wazi, macho yakiwaka. Mbodze akaridhika. Kwa hakika alifurahi mno kwamba si mimba hata hakujiuliza tena. Siku iliyofuata aliwaambia wasichana wote kwamba uvivu unaingia kundini, na kwamba hataki kuuona.

Sherehe ilifanyika uwanjani Kwale, jua likiwa kali na bendera zikiwa zimefungwa kila mlingoti. Jukwaa lilikuwa refu kuliko milango yote ya Mkongani, na nyuma yake walitundika turubai, wachezaji wajisitiri hapo. Zilipita nyimbo za wanafunzi, zikapita hotuba, kisha Kilonzo akaja mbio nyuma ya turubai akasema, "Mama, ni nyinyi."

Wale waliokuwapo huisimulia ngoma ile mpaka leo. Wasichana waliingia ubavuni mmoja mmoja, Chome akiwaita kwa ngoma ndogo, upatsu ukiwajibu, na Asiya alipotokea wa mwisho akapita katikati yao mpaka mbele, mabega yakitetemeka kama maji, uwanja mzima ulilipuka kwa vigelegele. Wageni waliokuwa wakinong'onezana waliacha. Hakuna aliyepewa mgongo. Mbodze alikuwa amesimama penye upenyo wa turubai, kijiti chake kimefungwa katika leso, na kwa muda ule alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kabla yake, wala hakuipata tena.

Wakatoka. Huko nje watu wakawa wanapiga kelele: warudi, warudi! Kilonzo akachungulia, uso unang'aa.

"Mama, mkubwa mwenyewe amesema mrudie. Mwanzo mpaka mwisho!"

Wasichana walikuwa wameketi chini, wanahema, wanafuta jasho, maana nyuma ya turubai hakuna wa kumchekea. Asiya alikuwa amesimama. Aliushika mlingoti kwa mkono mmoja, akamgeukia mlezi wake, akatabasamu. Tabasamu lilikuwa kamili. Ila midomo yenyewe haikuwa na rangi yake. Ilikuwa kama ya mtu aliyekula zambarau.

Mbodze aliiona. Jambo hili hakumficha mtu baadaye. Aliiona, na katika kuiona moyo wake ulisita. Kisha kelele za uwanjani zikapanda, na Kilonzo akasema, "Haraka, Mama, tafadhali."

"Ingieni," Mbodze akasema.

Asiya akacheza mara ya pili, mwanzo mpaka mwisho. Wenzake walisema baadaye kwamba alicheza vizuri zaidi ya mara ya kwanza. Alitoka wa mwisho, kwa hatua zilezile alizofundishwa, akapita upenyo wa turubai, akaketi juu ya kreti ya soda, akaomba maji. Kabla hayajafika alianza kukohoa, na kikohozi kikaleta povu jekundujekundu likamwagikia leso yake.

Kilonzo ndiye aliyepata gari, Landrover ya serikali, tena alimfokea dereva aliyekuwa akitafuta ruhusa. Waliteremka hadi Msambweni kwa barabara ya vumbi, Asiya akiwa ameketi wima katikati ya Mbodze na Chome, kwa kuwa akilazwa pumzi zilizama. Hospitalini daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akamuuliza Mbodze kama binti aliwahi kuugua magoti utotoni.

"Aliugua. Akapona."

"Magoti yalipona," daktari alisema. "Ugonjwa ulihamia moyoni. Milango ya moyo wake imeharibika, mama, na haikuharibika leo. Mtu wa hali hii hupanda ngazi akahema. Alikuwa halalamiki?"

Chome ndiye aliyejibu. "Alikuwa halalamiki."

Dawa zilimpunguzia uvimbe, na kwa siku chache walidhani atapona. Mbodze alihamia pale, akilala chini kando ya kitanda, akimwinua, akimgeuza. Kila asubuhi daktari na muuguzi walipopita waliuliza, unajisikiaje? Na kila asubuhi Asiya, ambaye usiku kucha alikuwa akipigania pumzi, aliinua kidevu, akavuta hewa kwa pua, akatabasamu, "Sijambo, alhamdulillahi." Muuguzi mmoja, mwanamke mtu mzima, alimvuta Mbodze pembeni akamwambia, "Mama, mwambie bintiyo aseme kweli. Tunashindwa kujua dawa inamsaidia au haimsaidii."

Mbodze alirudi kitandani, akaishika mikono yake, iliyokuwa baridi.

"Mwanangu, usinifiche. Hapa hakuna watu. Ukiumwa, lia. Piga kelele, niite, nitukane."

Asiya alimtazama. Kidevu kilitaka kuanguka, kikarudi juu chenyewe.

"Siwezi, mama," alisema. "Najaribu. Uso haunisikii."

Alifariki mchana, wakati wa kugawa chakula, muuguzi akiwa amesimama palepale na sahani mkononi, na kwa dakika kadhaa hakuna aliyejua.

Khamisa aliletwa kutoka Funzi akiwa hajui kama ameitwa kwa mgonjwa au kwa maiti. Alipofika alimkuta dada yake ameketi nje ya chumba cha maiti, chini, miguu ameinyoosha. Mbodze aliinuka ampokee. Khamisa alirudi nyuma hatua moja.

"Nilikupa mtoto," alisema.

Hakulia wakati ule. Chome alijaribu kueleza, daktari alisema hivi, maradhi ni ya tangu utotoni, ni kazi ya Mungu. Khamisa alimsikiliza kwa heshima, akamwitikia, "Ndiyo, shemeji." Kisha akasema mtoto atazikwa Funzi, kwao.

Mbodze alivuka nao. Msibani wanawake walisogea wakampa nafasi, wakampa kahawa, wakamwambia pole. Hakuna aliyemtupia neno. Lakini alisikia kisa kikisimuliwa kwa sauti ndogo kutoka jamvi hadi jamvi, jinsi binti alivyokuwa mgonjwa na akaamriwa arudi jukwaani, na kila kikifika karibu naye sauti zilikatika. Alikaa hadi hitima. Alipokwenda kumuaga mdogo wake, aliambiwa amelala. Mlango ulikuwa wazi, na aliiona miguu ya Khamisa imetulia kitandani kama ya mtu aliye macho.

Kundi lilivunjika bila mtu kulivunja. Wasichana waliolewa, wengine walizuiwa na wazazi wao. Chome alizifungua ngoma zake kwenye mti, akazisimamisha kila moja peke yake kwenye kona ya ghala la mahindi, na panya wakaanza kula ngozi. Kilonzo alikuja kutoa pole mara mbili tatu. Mara ya mwisho aliiacha chai ikapoa, kisha akasema, "Ni mimi nilisema haraka, Mama." Mbodze akamjibu, "Wewe ulisema haraka. Niliyesema ingieni ni mimi." Kilonzo akahamishwa mwaka uleule, na hawakuonana tena.

Miaka ikapita. Pwani ya Diani ikaanza kujengwa mahoteli, na mahoteli yakataka ngoma kwa ajili ya wageni. Mmoja wa wasichana wa Mbodze wa zamani, Bimkubwa, akaunda kundi lake Ukunda, akachukua yeyote aliyekuwa na mabega: wa Msambweni, wa Matuga, hata watoto wa wakulima wa Kikamba waliopewa mashamba ya serikali. Alimwalika mwalimu wake mara nyingi. Mbodze alikataa, kisha alasiri moja, bila kumwambia Chome, alivaa buibui akaenda.

Wageni walikuwa bustanini wakinywa chai. Jukwaa lilikuwa dogo, la saruji. Mbodze alisimama karibu na jiko, pamoja na wapishi, akaitazama ngoma yake mwenyewe: wakiingia ubavuni, meno ya kitana, bega badala ya mgongo. Bimkubwa hakuwa amesahau kitu. Mbele kabisa alikuwapo msichana mweusi mwembamba, shingo ndefu, kidevu juu, anacheka, anacheka, haachi, jasho linamtiririka na kicheko hakiondoki.

Mbodze alijaribu kuangalia pengine. Alitafuta midomo ya yule msichana, lakini kutoka pale hakuweza kuona rangi. Akatazama vifundo, njuga zilivifunika. Ngoma ikafika mwisho, wageni wakapiga makofi, na mtu akapaza sauti kwa Kizungu, na Bimkubwa akainua mkono kuashiria wataanza tena.

Hakumbuki alivyofika. Wapishi ndio waliosimulia kwamba yule mama aliyekuwa amesimama nao alikata katikati ya meza, buibui likipeperuka, akapanda jukwaani, akamkamata msichana mkono, akamketisha chini kwa nguvu. Ngoma ikanyamaza. Akaanza kumfungua njuga, anasema, "Pumua. Usicheke. Pumua, mwanangu, usinichekee."

Wageni walishangilia. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mmoja alisimama na kamera.

Msichana alikuwa ameshikwa na bumbuazi, kisha akauchomoa mguu wake. Jina lake Kavata. "Wewe ni nani? Niachie! Bimkubwa, huyu mama ni wazimu?"

"Unaumwa," Mbodze alisema. "Usinifiche."

"Niumwe nini? Nacheka kwa sababu nimefurahi!"

Mbodze alimshika kidevu, akaugeuza uso ule kwenye mwanga. Midomo ilikuwa na rangi yake. Pumzi zilikuwa za mtu aliyecheza, basi. Aliutazama uso ule wa hasira, wenye afya, na hapo akafahamu kwamba hakuwa na njia ya kujua. Kwamba tangu siku ya Kwale, kila anayecheka mbele yake ni sawa na anayekufa.

Askari wa hoteli akaja. Bimkubwa, analia, akamwomba amwache amtoe yeye mwenyewe. Alimsindikiza mwalimu wake hadi barabarani, wameshikana mikono, na pale akamwambia kwa upole ambao ulimuuma Mbodze kuliko tusi, "Mama, usije tena. Tafadhali. Nitakuja mimi kukuamkia nyumbani."

Na kweli alikuja, kila Idi, mpaka alipohamia Mombasa. Mbodze aliendelea kulima muhogo na kunde, akamzika Chome, akazeeka peke yake. Huko Funzi alikwenda mara moja kila mwaka kusoma kaburini. Khamisa alimpokea, akampikia, wakala sahani moja wakizungumza habari za mvua na za wajukuu.

Kavata alifika Mkongani siku moja, miaka mingi baadaye, mwanamke mzima sasa, na kundi lake mwenyewe. Alikuwa amesikia kisa. Alikuja kuomba radhi kwa ukali wake wa siku ile, na kuomba afundishwe ile sengenya ya zamani ya kuzunguka, kabla haijapotea. Mbodze alimkaribisha, akampa maji, akampa muhogo wa kuchemsha, akamuuliza habari za wazazi. Kuhusu ngoma akamwambia, "Sifundishi."

"Hata kidogo, mama?"

"Hata kidogo. Kula, mwanangu. Ukishiba nikusindikize mpaka njia panda."